Kwa Nini Tunakutoza kwa Kitufe cha Bure

Mteja wetu mmoja, mwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, ameandika kwenye grupu la WhatsApp la wenye makampuni kwamba tumemtumia profoma ya kupandisha toleo la tovuti yake, na kwamba profoma hiyo inazidi hela aliyolipa tovuti ilipotengenezwa. Akaongeza kuwa mpwa wake anayesoma chuo amemwonyesha kitufe kinachofanya kazi hiyo hiyo bure. Nusu ya waliomo kwenye grupu hilo ni wateja wetu. Kufikia jioni simu zilikuwa haziishi. Wengine walitaka kucheka tu, wengine walitaka kujua kama na wao tuliwahi kuwapiga.

Hatujampiga mtu. Nimeeleza kwa simu mpaka sauti imekauka, kwa hiyo naandika mara moja, na atakayepiga tena nitamtumia linki.

Kwanza, mpwa hajakosea: kitufe kipo. Ukiingia kwenye dashibodi ya Joomla, yaani programu inayoendesha tovuti yake na zenu nyingi, utaona tangazo la toleo jipya, unabonyeza, mstari unajaa taratibu, kwisha. Kama unatoka toleo dogo kwenda dogo jingine ndani ya Joomla 5, hiyo karibu ndiyo kazi yote, na kwa wenye mkataba wa matunzo tunaifanya bila hata kuwasumbua. Tovuti ya bwana huyu iko kwenye Joomla 3.10. Huko kitufe ni hatua ya katikati, na aliyeanzia hapo ameruka kazi yenyewe.

Joomla 3 iliachwa tarehe 17 Agosti 2023. Joomla 4 nayo ikafuata Oktoba 2025. Wenye Joomla hutoa toleo kubwa kila baada ya miaka miwili na hulitunza kwa takriban miaka minne: la tano lilitoka Oktoba 2023 na litaachwa Oktoba 2027, la sita limetoka Oktoba 2025. Tarehe hizi hutangazwa mapema kabisa na hatuzipangi sisi, ingawa kuna watu wanaamini tunakaa ofisini kubuni sababu za kutuma profoma.

Kwa walio kwenye Drupal, programu nyingine ya kujengea tovuti, hasa vyuo na mashirika, ratiba ni nyingine lakini mchezo ni ule ule. Drupal 7 ilitoka 5 Januari 2011 ikaachwa 5 Januari 2025. Mwanzoni ilikuwa iachwe Novemba 2021. Wakasogeza mwaka mmoja, wakasogeza tena, na tena. Usogezaji huo ulituharibia wateja, maana kila ukimkumbusha mtu anakwambia "hao watasogeza tu, tulia." Wakasogeza mpaka siku waliyoacha kusogeza, na wote waliokuwa wametulia wakatufuata wiki ile ile moja. Drupal 10 inaishia Desemba 2026. Nimeshasema.

Sasa, toleo "kuachwa" maana yake nini? Hapa ndipo tunapoonekana waongo, kwa sababu siku ya pili tovuti inafunguka kama jana. Picha za simba zipo, namba ya simu ipo, fomu inatuma. Hakuna kinachozimika. Kinachokoma ni viraka vya usalama. Na watu wengi hawajui kiraka kinavyofanya kazi upande wa pili: kinapotoka, msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa kila mtu. Mdukuzi analinganisha faili la jana na la leo, anaona mstari gani umebadilika, anajua tundu lilikuwa wapi. Kisha anaandika programu ya kupita intaneti nzima ikigonga kila mlango. Kama toleo lako bado linatunzwa, wewe na yeye mnakimbizana na unaweza kumshinda. Kama limeachwa, kila kiraka cha toleo jipya kinaweza kuwa ramani ya tundu lililobaki kwako, na hakuna anayekuja kuliziba.

Mbio hizo si za miezi. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal walitoa kiraka cha tundu kubwa kwenye hifadhidata. Baadaye mwezi huo huo timu yao ya usalama ikawaambia watu wazi: kama hukuweka kiraka ndani ya saa saba tangu kitangazwe, chukulia kwamba umeshaingiliwa. Saa saba! Tena hilo lilikuwa toleo ambalo bado linatunzwa.

Kuna mteja msomi aliwahi kunijibu kwamba Joomla waliwahi kutoa viraka hata kwa matoleo yaliyoachwa. Ni kweli, Desemba 2015, kwa 1.5 na 2.5, baada ya wadukuzi kuanza kulitumia tundu kabla kiraka hakijatoka. Walifanya hisani. Mimi sipangi biashara ya mtu kwa kutegemea hisani.

Wadukuzi wa siku hizi nao hawaandiki "umedukuliwa" kwenye ukurasa wa kwanza. Mama mmoja mwenye loji upande wa Karatu alitupigia akilalamika kwamba maulizo yamekauka na wakala wake wa Ujerumani anasema tovuti yake inauza kamari. Alikuwa ameifungua mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, iko safi. Aliifungua mbele yangu, iko safi. Nikachukua simu yangu, nikatafuta jina la loji Google, nikabonyeza jibu la kwanza: ukurasa wa kamari. Nikaandika anwani moja kwa moja kwenye simu ile ile: loji, bwawa la kuogelea, maua. Msimbo uliopandwa na wadukuzi ulikuwa unauliza mgeni ametoka wapi. Ametoka Google kwa simu, mpeleke kwenye kamari. Ameandika anwani mwenyewe, kama afanyavyo mwenye tovuti kila siku, mwonyeshe maua. "Mbona kwangu inafunguka vizuri?" ni swali ninalolisikia kuliko jina langu.

Kusafisha kazi ile kulituchukua muda kuliko kupandisha toleo. Ndani ya folda ya picha kulikuwa na mafaili ya PHP, lugha ya programu inayoendesha Joomla, yenye majina kama ya mafaili halali ya Joomla. Kulikuwa na mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote ambaye hakuna aliyemjua. Bekapu zilikuwepo, ila uchafu ulikuwa umeingia zamani kuliko bekapu ya kale kuliko zote, kwa hiyo kila ukirudisha unarudisha na mgeni. Hatimaye tukajenga upya, tukahamisha maandishi tu, ukurasa kwa ukurasa, tukiyasoma. Mama alilipa zaidi ya mara mbili ya profoma aliyoikataa mwaka uliotangulia. Na maulizo aliyoyapoteza siwezi kuyaweka kwenye risiti.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kampuni za safari hawapendi nilitaje. Fomu zenu zinapokea pasipoti. Mgeni anatuma namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, anachougua, asichokula. Zote zinakaa kwenye hifadhidata ile ile. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Siku zikivuja, utetezi wa "mpwa wangu alisema haina shida" sijui utaufikisha wapi.

Turudi kwenye kitufe, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi kuliko matangazo yetu yote.

Toka Joomla 3 hufiki 5 kwa mkupuo. Unapita 4.4 kwanza. Joomla 5 inataka PHP 8.1 kwenda juu, wakati tovuti nyingi za zamani ziko kwenye PHP 7.4, ambayo yenyewe iliachwa tangu 28 Novemba 2022. Kwa hiyo chini ya tovuti pia kuna toleo la kupandisha, na ukilipandisha kabla ya wakati wake plagini za zamani, vile vipande vinavyoongezwa ili tovuti ifanye kazi zaidi, zinadondoka, ukichelewa Joomla mpya inakataa kuingia. Halafu kuna templeti. Templeti ya Joomla 3 haiendi kwenye Joomla 4, imejengwa juu ya misingi ambayo haipo tena. Ile sura ya tovuti unayoipenda, yenye mlima juu na menyu ya kahawia, ndiyo kitu cha kwanza kufa. Kisha fomu, kalenda, galari, sehemu ya lugha, kila moja ina mtengenezaji wake. Wengine wametoa toleo jipya bure, wengine kwa dola kadhaa kwa mwaka, wengine waliacha kazi zamani na hata tovuti yao haipo.

Sasa chukua yote hayo, ubonyeze kitufe kwenye tovuti iliyo hewani. Mwenye Land Cruiser tatu hawezi kumruhusu mpwa wake ashushe injini katikati ya Serengeti na wageni wamekaa ndani, lakini tovuti anamruhusu.

Kampuni moja ya Moshi ilifanya hivyo mwezi Julai. Kijana alibonyeza usiku ili asisumbue mtu, wazo zuri, ila saa tano usiku huku Marekani ni mchana na ndiko wageni wao wanakotoka. Mstari ukafika mwisho, ukurasa ukawa mweupe. Akatafuta mtandaoni, akaambiwa azime plagini, akazima zote, ukurasa ukarudi ukiwa maandishi ya buluu kwenye karatasi nyeupe, bei za Kilimanjaro njia ya Machame zimelala juu ya ratiba ya Lemosho. Akataka kurudisha bekapu. Bekapu ilikuwa imewekwa kwenye akaunti ile ile ya hostingi, yaani kwa kampuni inayoihifadhi tovuti, na kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, mafaili ya miezi ya karibuni yalikuwa yamekatika nusu. Lililokuwa zima lilikuwa la kabla hawajapandisha bei. Walipotufikia, mkurugenzi alianza na neno "haraka". Kazi ya haraka ya Julai ina bei yake, na yeye naye alituita wezi.

Njia ya mkato ya pili ni kumwomba mwenye hostingi akuachie PHP ya zamani. Wengine wanakubali, kwa muda. Kisha siku moja wanahamisha seva, PHP ya zamani haihami, na unaamka na ukurasa mweupe bila kubonyeza chochote. Ya tatu ni templeti na plagini za wizi, zile zinazouzwa dola hamsini ila wewe umezipata bure kwenye saiti fulani. Hizo sitaki kueleza sana. Tukizikuta tunazitoa, hatujadiliani. Aliyekuwekea bure alikuwa na sababu zake, na mara nyingi sababu hiyo tunaikuta ndani imefichwa kwenye mafungu ya herufi zisizosomeka. Vishoka wanaozifunga kwa laki tatu wanajua.

Sisi tunafanyaje? Tunaanza kwa kuichukua tovuti nzima, mafaili na hifadhidata, na kuiweka mahali pengine ambapo Google haioni. Hiyo ni nakala ya majaribio. Ya hewani haiguswi. Kwenye nakala tunahesabu kila plagini: ipi ina toleo jipya, ipi imekufa, ipi haitumiki na hakuna anayekumbuka iliwekwa kwa nini. Sehemu hii inapunguza bei kuliko mteja anavyodhani. Tovuti ya shule moja ilikuwa na plagini tatu tofauti za kuonyesha picha, na zote tatu zilikuwa zinafanya kazi ukurasa mmoja.

Kisha ndiyo tunapandisha, hatua kwa hatua, tukiweka bekapu kila hatua na tukiipeleka bekapu nje ya seva. Tena tunazijaribu bekapu kwa kuzifungua. Bekapu isiyowahi kufunguliwa kwangu siihesabu.

Halafu yanakuja mambo ambayo mteja hayaoni na ndiyo yanayokula saa. Nitatoa mfano mmoja. Wengi wenu mna kurasa za Kijerumani. Hifadhidata za zamani ziliandikwa kwa mpangilio wa herufi ambao si wa leo, na ukiihamisha kwa pupa neno "für" linatokea "fÃ¼r", na "Träger", yaani wapagazi, inakuwa "TrÃ¤ger". Kwa anayesoma Kiswahili na Kiingereza tu, ukurasa unaonekana mzima. Mjerumani akiuona anafunga. Tuna msichana ofisini ambaye kazi yake siku hiyo ni kupita kurasa za Kijerumani na Kifaransa akitafuta hiyo Ã. Hakuna kitufe cha hilo.

Kisha anwani za kurasa. Joomla ya zamani huweka namba kwenye anwani, mpya unaweza kuziondoa, na watu wanafurahi kwamba anwani ni fupi. Lakini kile kitabu cha wasafiri na yule wakala wa London wameweka linki yenye namba. Tusipoandika maelekezo ya anwani ya kale kwenda mpya, moja moja, wanaobonyeza wanakuta hakuna kitu, na Google inaanza kukusahau. Mpwa hawezi kuliona hili kwa sababu tovuti itafunguka vizuri tu siku hiyo. Ni mwezi wa pili ndiyo utauliza mbona simu haiiti.

Mwisho fomu. Tunaijaza kama wageni, kutoka Gmail, kutoka barua pepe ya kampuni, kwa simu na kwa kompyuta, na tunamtaka mteja mwenyewe afungue kisanduku chake atuambie imefika wapi. Mara nyingi imefika kwenye spamu. Tunarekebisha mpaka ifike panapotakiwa, ndipo tunaihamisha nakala iwe ndiyo ya hewani. Uhamisho wenyewe ni muda mfupi. Tunafanya Jumanne au Jumatano asubuhi, ili kama kuna kitu, tuna siku za kazi mbele yetu. Ijumaa hatuhamishi tovuti ya mtu.

Hayo ndiyo yaliyomo kwenye profoma. Ya yule bwana ni milioni mbili na laki nne. Ndani yake kuna templeti mpya ya kulipia, fomu mpya ya kulipia, lugha tatu, na maelekezo ya anwani karibu zote. Mwaka 2016 alilipa milioni moja na laki nane kwa tovuti ya lugha moja yenye kurasa chache. Nyingine zote zimeongezwa tangu hapo na watu mbalimbali, kila mmoja na mtindo wake. Analinganisha bei ya nyumba ya vyumba viwili na ukarabati wa ile aliyoifanya ya vyumba kumi na viwili. Na angekubali mwaka 2022, kabla ya toleo kuachwa, tungemtoza kama nusu, kwa sababu watengenezaji wa plagini zake mbili walikuwa bado wapo na walikuwa na njia ya kuhamisha data moja kwa moja. Barua pepe ya kumkumbusha ninayo. Ina majibu yake: "Tutaongea msimu ukiisha."

Msimu ndiyo hoja yenyewe. Kwa biashara zenu miezi ya kazi hii ni Aprili na Mei, wakati wa masika, kambi nyingi zimefungwa na magari yako gereji. Hapo hata tovuti ikikwama asubuhi moja hakuna anayelia. Juni mpaka Oktoba hatukubali kazi ya kupandisha toleo la kampuni ya safari, isipokuwa umeshadukuliwa, na hapo bei ni ya dharura. Ukiitaka Aprili, tunaanza kuongea Februari, kwa sababu kazi ya kwanza huwa si ya kompyuta. Ni kutafuta nani ana nenosiri.

Silitanii hili. Kuna kazi zimesimama kwa wiki nyingi kwa sababu domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, imeandikishwa kwa jina la fundi wa zamani aliyehamia Dar, au hostingi inalipiwa kwa kadi ya mfanyakazi aliyefukuzwa. Kuna mzee mmoja tulimkuta na tovuti nzuri kabisa, ameilipia miaka yote, na kisheria hamiliki hata nukta ya mwisho kwenye anwani yake. Kabla hujatupigia kuhusu bei, tafadhali hakikisha domeni iko kwa jina la kampuni na barua pepe inayofunguka.

Wenye WordPress, programu nyingine ya aina hii, mnaouliza kama haya yanawahusu: kwenu hakuna tarehe kubwa kama hizi, toleo linalotunzwa rasmi ni la sasa tu, na viraka vidogo vinaingia vyenyewe. Shida yenu ni templeti na plagini zilizoachwa na wenyewe, na PHP. Kazi ni ndogo kidogo, bei ni ndogo kidogo. Wenye Joomla 4, mna nafuu kubwa kuliko wa 3, kwa sababu kutoka 4.4 kwenda 5 templeti na plagini nyingi zinavuka. Msisubiri nafuu hiyo iishe.

Kwa anayetaka nafasi ya Aprili, tuma jina la tovuti, jina la hostingi, na orodha ya fomu zote na nani anapokea kila moja. Kuitazama na kukuandikia hali yake hatutozi. Na kama una mpwa anayejua kompyuta, mlete akae na sisi tukiifanya nakala ya majaribio. Tunahitaji wa kukagua Kijerumani.